Eti "Ni Katuni Tu": Sura ya Mtu Siyo Shamba la Bibi

Kuna maneno matatu siku hizi yanafunika kila uchafu mtandaoni: "ni katuni tu." Mtu anachukua uso wa mwigizaji wa kike anayejulikana Bongo nzima, anauingiza kwenye programu ya akili mnemba, uso unatoka umechorwa, macho makubwa, ngozi laini kama ya mdoli, halafu anaupa maisha. Siyo maisha ya yule dada. Ni maisha aliyoyabuni jamaa akiwa amejilaza na bando lake la usiku. Dada anamwibia rafiki yake mume. Dada anapiga magoti kwa mganga. Dada anamtelekeza mtoto stendi. Ukimuuliza aliyeposti, jibu liko mdomoni tayari: jamani, si katuni tu? Punguzeni makasiriko.

Haya, chukua moja ya katuni hizo, ya kawaida kabisa, halafu umweke ndani staa yeyote unayemjua. Jina kapuni, maana zote zinapikwa kwenye sufuria moja na mastaa wanabadilishwa kama soksi. Inaanza na harusi. Harusi ilikuwepo kweli, picha zilitrendi wiki nzima, gauni ni lilelile, hata MC kachorwa na kitambi chake. Inafuata safari ya Dubai. Ilikuwepo kweli, mwenyewe aliposti. Kisha ndoa inavunjika, na kweli ilivunjika. Halafu, dakika ya tatu, mama mkwe anakutwa amekufa jikoni na dada amesimama pembeni na kikombe mkononi. Hiyo haikuwepo. Lakini imepita mlango uleule uliopitisha harusi, Dubai na talaka. Kweli tatu zimeushika mkono uongo mmoja na kuuingiza ndani bila hodi.

Hapo bado hujaongelea sauti. Zamani mchoraji wa katuni ya gazetini alikuwa na kalamu tu, na kila msomaji aliona kuwa ni kalamu. Leo sauti ya dada inachukuliwa kwenye mahojiano yake ya redio, inafundishwa kwa kompyuta, na inatoka inasema sentensi ambayo dada hajawahi kuisema hata usingizini. Uso umechorwa, sawa, lakini sauti ni yake, kicheko ni chake, na lile neno lake analolipenda kulirudia ni lake. Kilichochorwa ni kidogo kuliko kilichoibwa.

Na safari ya klipu ndo inamaliza kila kitu. Inapotoka Dar, huenda kule chini kuna maandishi madogo kama mchwa: "simulizi ya kubuni." Inafika Tunduma. Tunduma ni mji wa kusubiri. Malori ya Zambia na Kongo yamepanga foleni, dereva anasubiri karatasi, utingo anasubiri dereva, mama ntilie anawasubiri wote wawili, wauza kwacha wanazunguka. Kwenye kusubiri kama kule simu ndo rafiki. Klipu inapakuliwa, inakatwa ili itoshe kwenye status, yale maandishi madogo yanabaki kwenye kipande kilichokatwa. Inarushwa Nakonde, inarudi. Inapanda Vwawa, inapita Mlowo, inaingia kwenye memori kadi ya kijana anayeuza nyimbo na muvi, na siku moja inatua Mbangala.

Mbangala, siyo Mbagala. Wale wa Rangi Tatu watulie. Hii ni Mbangala ya wilaya ya Songwe, upande wa Mkwajuni, kwenye ukanda wa dhahabu, ambako mtu akitoka duarani amechoka na vumbi la karasha limemjaa kope, anataka kitu cha kucheka kabla ya kulala. Simu moja, vichwa sita. Hapo klipu haina akaunti, haina tarehe, haina jina la aliyeitengeneza. Ina sura inayojulikana inayofanya jambo. Maongezi yanayofuata kila mtu anayafahamu, hata kama hajawahi kufika Songwe:

"Oya mwanangu, huyu si ndo alimwekea sumu mama mkwe wake?"

"Acha zako, ile si katuni."

"Katuni wapi! Kesi iko mahakamani, hawaruhusiwi kuonyesha yenyewe, ndo maana wakachora."

Rudia hiyo sentensi ya mwisho. Hapo ndipo utetezi wote wa "ni katuni tu" unapovunjika miguu. Wenye hizo chaneli wanadhani mchoro unawaambia watu "hii ni uongo." Kwa watazamaji wengi mchoro unasema kinyume chake: jambo ni la kweli, ila ni zito mno hata haliwezi kuonyeshwa wazi. Na hawana kosa kufikiri hivyo. Wamezoea kuona habari za ajali na ujambazi zikielezwa kwa michoro ya kompyuta pale kamera ilipokosekana. Wamezoea kuona sura ya shahidi ikifunikwa. Kuchora kumekuwa alama ya siri, na siri siku zote inaaminika kuliko tangazo.

Wala asije mtu wa Sinza kuwacheka wa Mbangala. Alipofariki Steven Kanumba, tarehe 7 Aprili 2012, wapo waliorudi kwenye muvi yake ya Devil Kingdom, aliyocheza na Ramsey Nouah wa Nigeria, wakaishika kama ushahidi kuwa marehemu alikuwa Freemason wa kweli. Muvi ya kubuni, yenye majina ya wahusika, yenye watu wa mavazi na wa taa walioandikwa mwishoni, ikageuzwa faili la upelelezi. Na hao walioigeuza walikuwa watu wa mjini, wenye intaneti na magazeti ya udaku kila kona. Kama filamu yenye maandishi yote haya ilimfuata mtu mpaka kaburini, sembuse klipu isiyo na mwenyewe?

Ila kuna tofauti ya mwanamume na mwanamke hapa, na inabidi isemwe bila kumung'unya. Mwigizaji wa kiume akicheza jambazi, watoto wa mtaani wanamshangilia: steringi, noma sana, anapewa soda. Wa kike akicheza nyumba ndogo, kesho sokoni mama wa nyanya anamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu na bei inapanda. Wapo mastaa wa kike ambao jina la mhusika liliwaganda mpaka la kuzaliwa likasahaulika, na pamoja na jina wakaachiwa na tabia za mhusika, za bure, bila kuziomba. Angalau wale walilipwa kucheza. Walisoma skripti, walikubali, walijipaka poda wakaenda lokesheni. Huyu wa kwenye katuni ameamka asubuhi akakuta ameshacheza.

Sasa kuna kundi lingine, la wasomi kidogo, wapenzi wa anime, wenye flashi zilizojaa Naruto na One Piece. Hao hawasemi "ni katuni tu." Wanasema hivi: hata Wajapani wamefanya, tena wamesifiwa dunia nzima, ukweli na ndoto kuchanganywa ndo sanaa yenyewe. Na wanamtaja Satoshi Kon.

Vizuri wamemtaja. Kon, aliyefariki mwaka 2010 akiwa na miaka 46 tu, alitengeneza katuni mbili kubwa kuhusu waigizaji wa kike, na zote mbili zinachanganya kweli na uongo mpaka mtazamaji anashika kichwa. Ila anayemtaja kama wakili wake, ama hakuzimaliza kuzitazama, ama alizitazama akiwa anachati.

Ya kwanza ni Perfect Blue, ya mwaka 1997. Mima ni binti wa kundi la muziki la wasichana watatu. Anaacha kuimba aingie kwenye uigizaji. Siku moja anagundua kuna ukurasa kwenye intaneti unaitwa Chumba cha Mima, na ndani yake kuna mtu anaandika shajara kana kwamba ni Mima mwenyewe. Alichonunua dukani kimo. Mguu anaotanguliza anaposhuka kwenye treni umo. Mwanzo anacheka. Halafu shajara inaanza kusema mambo ambayo hakuyasema: kwamba hapendi kuigiza, kwamba analazimishwa, kwamba Mima wa kweli ni yule wa zamani mwenye gauni la jukwaani. Na kuna shabiki mmoja anayeamini shajara kuliko anavyomwamini binti mwenyewe. Kwake yeye yule anayetembea barabarani ndo feki, na wa kwenye kioo ndo halisi. Watu wanaanza kuuawa.

Angalia mwaka: 1997. Hakuna Facebook, hakuna Insta, hakuna status. Kon tayari alishaiona akaunti feki, alishamwona shabiki anayempenda staa mpaka anataka kumfuta, alishauona ukweli mdogo wa dukani unavyotumika kuubeba uongo mkubwa. Ile katuni ya mama mkwe na kikombe, harusi ya kweli, Dubai ya kweli, sumu ya uongo, ni Chumba cha Mima kitupu. Kwa hiyo ndugu mwenye chaneli, kwenye Perfect Blue na wewe umo. Ila siyo kama mtengenezaji wa filamu. Wewe ndo yule anayeandika ile shajara.

Mchanganyiko wa Kon unafanya kazi moja: unamfanya mtazamaji aonje kizunguzungu cha Mima. Anaamka, hajui kama ni ndoto au ni siku ya shuti. Anatoka damu, hajui kama ni rangi. Mtazamaji anachanganyikiwa pamoja naye, upande wake, ndani ya kichwa chake. Katuni za Bongo zinafanya kazi ya kinyume. Dada hana kichwa kabisa. Hafikiri, haogopi, haulizwi. Anatazamwa tu kwa nje akifanya maovu, na mtazamaji anakaa salama na karanga zake, anahukumu.

Ya pili ndo tamu zaidi, na ndo inayowaumbua zaidi. Millennium Actress, ya mwaka 2001. Chiyoko ni bibi aliyewahi kuwa staa mkubwa wa sinema, akaacha kazi ghafla, akajifungia miaka thelathini. Studio aliyofanyia kazi inabomolewa. Mtayarishaji mmoja wa vipindi, shabiki wake wa siku nyingi, anakwenda kumhoji na mpiga kamera wake, na anamletea ufunguo ambao bibi alikuwa ameupoteza. Bibi anaanza kusimulia, na simulizi inawameza wote. Anasimulia utoto wake, mara wapo kwenye filamu ya vita. Anasimulia mapenzi, mara wapo kwenye filamu ya zama za samurai, mishale inapita. Yule shabiki mzee anaingia kwenye kila filamu anajifanya mwokozi, na mpiga kamera kijana anabaki anauliza hapa ni wapi tena. Hujui ipi ilitokea na ipi iliigizwa. Na haijalishi, kwa sababu anayechanganya ni yeye mwenyewe Chiyoko. Kumbukumbu ni zake. Ufunguo ni wake. Akitaka kulipa penzi lake sura ya sinema aliyoicheza, ana haki, ni penzi lake.

Na kuna kitu watu hawakisemi kuhusu filamu hii. Chiyoko anafanana na mtu aliyewahi kuishi. Setsuko Hara alikuwa staa mkubwa wa Japani, akaachana na sinema mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa bado juu, akaishi kimyakimya Kamakura, hataki mahojiano, hataki picha, mpaka alipofariki mwaka 2015. Hesabu mwenyewe: Millennium Actress ilipotoka, mama huyo alikuwa hai. Kon angeweza kumchora yeye. Jina lingeuza. Siri ya kwa nini aliacha kazi Wajapani walikuwa wanaitafuta kwa miongo, angeweza kubuni jibu lolote, mwanamume, mtoto, ugonjwa, laana, na watu wangemeza. Hakufanya hivyo. Alimtengeneza mtu mwingine kabisa, akampa jina lake, filamu zake, ufunguo wake, na yule mama wa Kamakura akaachwa na ukimya wake. Huo ndo mpaka. Ni mrefu kuliko wa Tunduma na Nakonde, na hauna njia za panya.

Kama bado kuna anayebisha, aitafute The Congress ya mwaka 2013, ya Mwisraeli Ari Folman. Hapo mwigizaji wa Marekani, Robin Wright, anacheza mwigizaji anayeitwa Robin Wright. Studio inamwambia: umri unaenda, tuuzie sura yako, tuiingize kwenye kompyuta, icheke, ilie, ikasirike tunavyotaka sisi, na wewe usiigize tena kokote. Anasaini. Miaka inapita, sura yake ni kijana na inaendelea na muvi, mwenyewe ni mzee na hana kazi. Nusu ya filamu imechorwa. Watu walidhani ni hadithi ya kufikirika. Miaka 10 baadaye, kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba 2023, waigizaji wa Hollywood waligoma, na moja ya hoja kubwa kwenye meza ilikuwa hiyohiyo: nani anamiliki nakala ya uso wa mtu kwenye kompyuta, na analipwa nini. Wenzao walikuwa wanapigania bei ya saini. Dada wa Bongo hata karatasi ya kusaini hajaletewa.

Visingizio vingine vipite harakaharaka. "Anatafuta kiki mwenyewe." Hata kama, kuposti keki ya bethdei siyo kusaini mkataba wa kuuawisha watu. "Staa ni wa watu." Kazi zake ndo za watu, na hata hizo huwa zinanunuliwa, ingawa wenzetu wa kurusha kwenye flashi hilo hawalikumbuki. "Akanushe tu." Akanushe kwa nani? Posti ya kukanusha inaishia kwa wafuasi wake wenye bando. Memori kadi ya Mbangala haipokei posti.

Kuna pia wanaokumbusha enzi za vibanda umiza, kwamba hata akina Lufufu walipotafsiri muvi za Kizungu na za Kihindi walikuwa wanaongeza chumvi zao, na hakuna aliyelalamika. Kweli, na ule ulikuwa ufundi mtamu. Ila mtafsiri sauti yake ilisikika. Kila aliyekaa kwenye benchi alijua: huyu anayeongea ni wetu, wale kwenye kioo ni wao, na chumvi ni ya huyu. Mwongo alikuwepo ukumbini na jina lake na mate yake. Kwenye klipu mwongo ndo mtu pekee asiyeonekana.

Sheria? Ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Uso na sauti ni taarifa za mtu kuliko hata namba yake ya simu. Lakini kesi inatembea kwa miguu na klipu inapanda bodaboda, kwa hiyo anayesubiri hukumu ndo aache, huyo hajawahi kukusudia kuacha.

Kisingizio kimoja tu ndo kina uzito, na hicho kinastahili kujibiwa kwa heshima. Kijana wa Tunduma anasema: hii ndo ajira yangu. Sina studio, sina mjomba Dar, nina simu na kichwa. Nikimchora mtu asiyejulikana, hakuna anayetazama. Nikimchora staa, watu wanajaa. Huyu haongopi. Na kipaji anacho: anajua kukata picha, anajua kumshika mtazamaji dakika tatu, vitu ambavyo kuna wenye kamera za mamilioni hawavijui. Tatizo lake siyo uvivu. Anadhani hadithi ya kweli inayowahusu waigizaji wa kike wa nchi hii iko kwenye vyumba vyao vya kulala.

Haiko huko. Fikiria Chiyoko wa Songwe. Wa kubuni, jina lake mwenyewe, uso ambao haujaibwa popote. Amezaliwa Tunduma reli ya TAZARA ikijengwa, anawaona Wachina na mitambo akiwa mgongoni kwa mama yake. Anapanda treni kwenda Dar miaka ya themanini kutafuta kazi ya ndani, anajikuta amesimama nyuma ya umati kwenye shuti ya Arusi ya Mariamu, filamu ya mwaka 1985 ambayo Amandina Lihamba aliicheza. Anapata nafasi ya sauti tu kwenye mchezo wa redio, enzi za Twende na Wakati ya RTD, iliyoanza mwaka 1993. Nchi nzima inamjua kwa sauti na hakuna anayemjua kwa sura, anapanda daladala abiria wanamwongelea mhusika wake na yeye amekaa kimya. Zinakuja televisheni, anakuja na michezo ya Kaole, sura inajulikana. Mwaka 2003 inatoka Girlfriend na biashara ya muvi inawaka, yeye tayari ana miaka ambayo watayarishaji wanampa mama mkwe na mchawi tu. Sasa ni bibi, amerudi kwao, dirisha lake linaangalia foleni ya malori. Mjukuu anamwekea simu mbele: bibi, hebu nisimulie. Anasimulia, na katikati ya sentensi treni ya kweli inageuka treni ya kwenye muvi, mchawi aliyemcheza anaingia jikoni kwake kuomba chumvi, watu wa sokoni wanamkimbia, hajui kama wanaigiza.

Hiyo ndo katuni ya mwigizaji inayochanganya kweli na uongo. Kila tukio la historia ndani yake lilikuwepo, kila siri ndani yake imebuniwa, na hakuna binti wa watu anayeamka asubuhi akiwa muuaji. Inatazamika na dereva wa lori. Inatazamika Mbangala. Na ile simu yenyewe, programu zilezile, zinatosha kuanzia.

Na asiseme mtu katuni za Afrika hazina soko bila skendo. Ubongo Kids inatengenezwa Dar tangu 2014 na watoto wanaijua kuliko jedwali la kuzidisha. Ukivuka hapo Nakonde na kufuata barabara mpaka Lusaka, unafika mji uliochorwa kwenye Supa Team 4, kazi ya Mzambia Malenga Mulendema, iliyotoka Netflix mwaka 2023, ya wasichana wanne na bibi mmoja. Mkenya Ng'endo Mukii alishatumia katuni kuongelea wanawake na kujichubua, kwenye Yellow Fever ya mwaka 2012.

Bado waigizaji wenyewe, wa kweli, wako hai wengi tu. Wapo akina mama waliokuwa sauti za redio, waliokuwa nyuso za kwanza za televisheni, wanaishi Dar na mikoani, hawahojiwi na mtu. Anayetaka maisha halisi ya mwigizaji aende akabishe hodi, avue viatu, amwamkie mama shikamoo, aombe. Akikubali, asimulie mwenyewe, achanganye anavyotaka, ataje anayemtaka na amfiche anayemtaka. Mchoraji achore.

Wanaoumia na mtindo wa sasa siyo mastaa peke yao. Staa ana mashabiki, ana wakili, ana pa kulilia. Kuna binti wa kidato cha tatu Vwawa anayeigiza kwenye kikundi cha shule mpaka walimu wanafuta machozi. Mama yake anauza maharage, ana simu, na kwenye simu ana klipu nane za "maisha ya waigizaji." Binti akisema anataka kuwa mwigizaji, mama habishani naye. Anafungua klipu, anamwonyesha ile ya kikombe, anamwambia: mwanangu, huku ndo unakotaka kwenda? Utamwambia nini mama yule? Kwamba ni katuni tu? Anajua ni katuni. Aliambiwa kwamba kesi iko mahakamani, ndo maana wakachora.

Kwa hiyo wenye chaneli, jaribuni kitu kimoja kabla ya kuposti ya wiki hii. Toa uso wa staa. Weka wa dada yako wa tumbo moja, harusi yake ya kweli, gauni lake, sauti yake, talaka yake kama anayo. Kikombe kibaki palepale. Tia kwenye memori kadi, mpe kijana wa Mkwajuni aipeleke mpaka Mbangala, halafu dada akipiga simu, mjibu mwenyewe.